Barua kwa mwanangu anayekwenda Unguja na wenzake

Mwanangu mpenzi,

Umeniambia mnakwenda wanne, siku sita, mwezi wa nane, na kwamba chumba cha Paje mmeshakilipia. Sina neno la kukuzuia. Una miaka 21 na nauli umeidunduliza mwenyewe. Ila safari za pwani huzaa mambo mawili ambayo binti hamwulizi mama yake mezani, baba na kaka zake wakisikia: mapenzi ya siku sita, na aibu inayomkuta mtu mbele ya wenzake. Nayaandika pamoja kwa sababu huongozana. Karibu kila aibu ya safari ina dawa yake, na dawa hiyo ina saa zake. Mwenye haya hujifungia chooni, hunyamaza, husubiri mpaka arudi nyumbani, na saa zinamwishia. Kwa hiyo barua hii isome huku ukihesabu saa.

Nianze na boti. Mwezi wa nane kusi bado linavuma. Mkienda, upepo unawasukuma kutoka nyuma na chombo kinalala huku na huku. Mkirudi Dar mnaukabili upepo, chombo kinapanda wimbi na kushuka, na safari ya kurudi ndiyo ambayo hakuna anayejiandalia, maana mnajiona mmeshazoea. Pandeni boti ya saa 1 asubuhi, kusi kabla halijaamka vizuri, maana hupata nguvu kadiri jua linavyopanda. Hiyo ina maana mlale Dar kwa shangazi yako. Treni ya SGR kutoka Morogoro haichukui hata saa mbili njiani, hamna sababu ya kukurupuka alfajiri. Saa 12 muwe bandarini, kitambulisho cha NIDA mkononi.

Ndani ya boti, kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma kidogo. Viti vya mbele vyenye madirisha makubwa watu huvigombania, na ndiko chombo kinakopanda na kushuka zaidi. Kichefuchefu cha bahari kinatokana na ugomvi wa viungo: macho yanaona kiti kimetulia, sikio la ndani linahisi mwili unarushwa, ubongo haujui umwamini nani. Ndiyo maana kutazama simu kunakumaliza, na kutazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, kunakupa nafuu. Kula saa mbili kabla: mkate mkavu, ndizi moja, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Tumbo tupu nalo hutapika, tena kwa maumivu. Dawa ni promethazini, kidonge kimoja cha miligramu 25, usiku wa kuamkia safari au saa moja hadi mbili kabla ya kupanda. Wengi humeza wakati mate yameshaanza kujaa mdomoni. Hapo tumbo limeshafunga kazi na kidonge kinatoka kama kilivyoingia. Inaleta usingizi mzito, kwa hiyo usichanganye na pombe, na mwenzako mmoja abaki macho kulinda mikoba.

Ukitapika, umetapika. Wahudumu hupita na mifuko bahari ikichafuka. Chukua wako mapema, usingoje uite. Kinachogeuza kutapika kuwa aibu ya siku nzima ni nguo: blauzi ya akiba imo kwenye begi kubwa, na begi kubwa limerundikwa na mizigo mingine mpaka mtakapofika. Weka kwenye mkoba wa mkononi blauzi moja, tishu, chupa ya maji na kanga moja. Suuza mdomo kwa maji. Mswaki ungoje nusu saa, maana tindikali ya tumbo imeshalainisha meno.

Na nahodha akisema leo hatuondoki, msihangaike kutafuta chombo kingine cha kuwavusha. MV Skagit ilitoka Dar ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huuhuu wa kusi. Siku moja ya chumba ikipotea, ipotee.

Hedhi nayo piga hesabu sasa. Nimeona wasichana wakiulizana dawa ya kuisogeza mbele. Ipo, norethisteroni ya miligramu 5, mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya tarehe yako, na ukiacha damu huja baada ya siku mbili au tatu. Lakini uandikiwe na daktari, kwa sababu haimfai mwenye historia ya damu kuganda, na kwa kiasi hicho haizuii mimba hata kidogo. Hilo la pili ndilo wengi wasilolijua. Binafsi ningekuacha uende na pedi zako: pedi zinapatikana, na kubadilisha kila saa nne hadi sita ni kazi ndogo. Nguo ikichafuka, jifunge kanga, kisha iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi. Maji ya moto yanaipika damu kwenye uzi na doa halitoki tena.

Tumbo la kuendesha nalo halikosekani. Matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi, barafu usiyojua maji yake, pweza aliyepoa sahanini tangu jioni. Urojo kula, mwanangu, ila kwa muuzaji mwenye foleni, ambaye sufuria yake haipoi. Tumbo likianza, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji salama, kunywa kidogo kidogo kila baada ya kwenda choo. Pakiti zikikosekana, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, kwenye lita ileile. Dawa ya kufunga tumbo inaweza kukuvusha safari ya daladala ya kutoka Paje hadi mjini, lakini ukiona damu au ukipata homa usiiguse, nenda hospitali. Waambie wenzako mapema. Dereva wa daladala husimama akiambiwa. Hawezi kumsaidia mtu aliyekaa kimya kiti cha nyuma akitokwa jasho.

Sasa Paje yenyewe. Pwani ya mashariki maji hupwa mpaka bahari inakuwa mstari mweupe kule kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja kutoka mchangani. Mtu wa Morogoro akiona vile hudhani bahari imeondoka. Inarudi. Kati ya maji kujaa na maji kupwa ni saa sita na ushei, na kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kuliko siku nyingine, na kupwa huko huangukia kama saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha tena saa 4 au saa 5 usiku.

Nimekutajia ile ya usiku makusudi. Mwezi mpevu, mchanga umefunguka hadi mbali, upepo, na kijana uliyemjua tangu juzi anakwambia twende tukatembee hadi kwenye mwamba. Hakuna anayekataa mwaliko kama huo, na ndio unaowatoa watu mbio nusu uchi. Maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele yako. Huingia kwanza kwenye mifereji, na mifereji mingine iko nyuma yenu, kati yenu na ufuko. Mkiwa mmekaa kwenye kichuguu cha mchanga mnaongea, mguu mkavu, nyuma yenu kumeshafika kiunoni. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndizo maji yanapokimbia zaidi. Viatu, simu na nguo zilizoachwa mchangani kule chini huelea. Kanuni ni hii: tokeni ufukweni saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kupwa, na maji yakifika mwisho tu mgeuke, hata kama maongezi yamenoga. Usiku msiende mbali kiasi cha kutoziona taa za hoteli. Nyakati za maji mwulizeni mvuvi yeyote au mama wa mwani. Wanazijua kichwani kwa sababu ndizo ratiba ya kazi yao. Nanyi mkipita kwenye mashamba ya mwani, msikanyage kamba wala kung'oa vijiti. Kilimo kile kimeanza hapohapo Paje mwaka 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kamba moja ikikatika ni kazi ya wiki kadhaa imekwenda na maji.

Vaeni viatu vya mpira. Kwenye mawe kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu, na mwiba wake ukiingia hukatika ndani. Usichimbue kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto, moto unaouvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja, toa inayojitokeza kwa kibano, safisha kwa sabuni. Inayobaki ndani ikivimba au kutoa usaha, hospitali.

Na mkitoka mchangani kuingia kijijini, jifungeni kanga na mfunike mabega. Paje ni kijiji cha watu wenye ibada zao kabla ya kuwa mahali pa wageni. Kushikana na kubusiana barabarani huko ni kuwavunjia heshima wenyeji, na kijana wa hapo anayekufanyia hivyo mbele ya wazee wake amekwambia jambo moja kuhusu anavyokuchukulia.

Nimefika kwa huyo kijana. Sitakwambia usipende. Likizo hurahisisha mapenzi: hakuna deni la kulipa, hakuna mtihani, hakuna jirani, na kila mmoja anamwona mwenzake akiwa ameoga na kucheka. Huo ni ukweli wa mtu, lakini ni kipande kidogo cha ukweli wake. Kama ni mwenyeji, mwulize shehia yake, yaani mtaa wake wa kiserikali. Kila shehia ina sheha anayewajua watu wake, na mtu mkweli hujibu swali hilo bila kufikiri. Pita anapofanyia kazi mchana, usikie wenzake wanamwita kwa jina lipi; likiwa tofauti na alilokupa, umeshapata jibu. Usimdharau mtu kwa kuwa ni papasi, yaani kijana anayewatembeza wageni na kuwauzia vitu, wapo wanaolisha familia kwa kazi hiyo kwa haki. Kama ni mgeni kama wewe, mwombe mpigiane simu ya video usiku akiwa amesharudi kwao. Mwenye mke nyumbani atakuwa na sababu kila usiku. Na yeyote atakayeomba umtumie pesa kabla siku sita hazijaisha, hata 20,000, mjibu kwamba nauli ya kurudi ndiyo pekee uliyobaki nayo. Nauli hiyo iweke kwenye simu ya mwenzako tangu siku ya kwanza, ili jibu lako liwe la kweli.

Nyinyi wanne mpange usiku wa kwanza, kabla yeyote hajakutana na yeyote. Anayetoka na mtu asubuhi au usiku anasema anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na anawasha mahali alipo moja kwa moja kwenye WhatsApp, ile inayodumu kwa saa nane. Chaguo la dakika 15 halina maana. Chumba mmelipa wote, kwa hiyo hakuna kuleta mgeni wenzako wakaishia kukaa nje mpaka alfajiri. Urafiki wa shule nzima umewahi kufa kwa ajili ya ufunguo mmoja. Glasi ukiiacha ukaenda choo, ukirudi imwage.

Mkikubaliana kulala pamoja, sikiliza hapa vizuri. Kondomu ununue wewe, duka la dawa, kabla ya safari. Soma tarehe. Bonyeza pakiti, ikiwa na hewa ndani ni nzima, ikiwa imenywea itupe. Isikae kwenye begi lililoachwa juani wala ndani ya pochi inayokaliwa. Pwani kuna adui mwingine asiyetajwa shuleni: mafuta. Mafuta ya nazi na vaselini huidhoofisha mpira kwa dakika chache, na losheni nyingi za jua zina mafuta pia. Mikono inayotoka kupakana migongo ioshwe kwa sabuni kwanza. Fungua pakiti kwa vidole, meno na kucha ziwe mbali. Bana ncha hewa itoke, ivingirishe hadi shinani. Ikivalishwa kinyumenyume itupe, usiigeuze. Moja tu kwa wakati, maana mbili husuguana zikapasuka. Baada ya hapo nenda kojoa na unywe maji. Mkojo ukianza kuchoma siku inayofuata, huenda hiyo ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Nenda kapimwe upewe dawa, na ukipata homa au maumivu ya mgongo usingoje kesho.

Ikipasuka, usijioshe ndani kwa chumvi, soda wala sabuni. Kunajeruhi na hakuzuii kitu. Tazama saa, iandike. Kutoka hapo una mambo mawili, na yote yanahesabiwa kwa saa 72. La kwanza ni mimba: P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestreli miligramu 1.5, dozi moja. Inafanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyowahi. Baada ya saa 72 nguvu yake inashuka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haikulindi kwa tendo la siku inayofuata. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kama wiki moja; kipimo cha mkojo ufanye wiki 3 baada ya tendo, kabla ya hapo kinaweza kukudanganya. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, umeze nyingine. Unaona kwa nini nilianza na boti? Anayeona haya kununua Paje, akasema nitanunua nikifika mjini, humeza dakika tano kabla ya kupanda, kisha bahari inaitoa. Meza mara unapoipata, na kipande cha mkate, na ukae nchi kavu saa mbili.

La pili ni VVU. Ipo dawa ya kuzuia maambukizi, PEP. Unaanza mapema kadiri iwezekanavyo, mwisho saa 72, na unameza kila siku kwa siku 28. Hupimwa damu kwanza. Haipatikani kwa muuza duka. Nenda hospitali ya serikali, na kubwa ya mjini ni Mnazi Mmoja, kama saa moja na zaidi kidogo kwa gari kutoka Paje. Magonjwa mengine ya zinaa, klamidia hasa, mara nyingi hayaonyeshi dalili kwa mwanamke, kwa hiyo kapime hata kama hujisikii chochote.

Na kama hukukubali, au ulikuwa umelewa kiasi cha kutoweza kukubali, hilo halimo kwenye hesabu ya aibu zako. Ni kosa lake yeye. Usioge, usifue, nguo zifunge kwenye kanga safi au mfuko wa karatasi, piga 112, na mwende na mwenzako Mnazi Mmoja kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono. Polisi, daktari na ushauri vinapatikana hapohapo. Saa 72 zilezile zinahesabika.

Picha sitakawia. Picha ya mwili wako haitoki kwenye simu yako, hata kwa unayempenda. Ukituma kwa bahati mbaya kwenye kundi la familia, ifute kwa wote mara moja. WhatsApp hukupa siku mbili na zaidi kidogo, lakini aliyekwisha kuihifadhi anayo. Akikutishia kuzisambaza, usilipe hata shilingi, maana anayelipwa mara moja hurudi. Piga picha za skrini za vitisho na namba yake, upeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu, Bara na Visiwani.

Siku ya kurudi, meza promethazini yako kama ulivyofanya wakati wa kwenda. Na kama kuna jambo limekukuta na mdomo unakuwa mzito, usiandike maelezo. Nitumie neno moja tu, kanga. Nitapiga, iwe usiku au mchana, nitatoka nje baba yako asisikie, na nitakachouliza kwanza ni zimepita saa ngapi.

Mama yako